Tulipoambiwa Hakuna Aliyepinga
Maneno ya kamati ndogo ya kijiji katika mkutano wa Mkwiro, yameandikwa hapa kwa ombi la waliokosa kufika

Tunajua leo ni bamvua na kila mtu ana kazi yake pwani, kwa hivyo ahsanteni kwa kukaa. Tutasema yale mliyotutuma tukayatafute, na pale tuliposhindwa pia tutasema.

Mnakumbuka ilivyoanza. Asubuhi moja akina mama waliokuwa wakienda kutafuta pweza walikuta vigingi na kamba vimekata njia ya kwenda dikoni. Njia ile ile wanayopita wavuvi na nyavu begani, na watoto wakitumwa samaki. Tukamwendea mwenye kiwanja, tukamwuliza kwa heshima. Naye hakutufukuza. Alitoa karatasi, akatuonyesha: nyumba ya wageni, ghorofa mbili, ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja chote, shimo la maji machafu upande wa bahari. Idhini imekwisha kutolewa, ina sahihi na muhuri. Sisi majirani wa ukuta huo ndio tuliokuwa wa mwisho kujua.

Jina lake hatulitaji katika mkutano huu, wala afisi iliyogonga muhuri hatuitaji. Shauri bado liko mezani, na si vizuri mtu ahukumiwe kwenye jarida kabla hajajibu.

Siku ile wengine walitaka kung'oa vigingi. Tuliwaomba waache, na tunawashukuru kwamba waliacha, maana leo tungekuwa tunazungumza habari ya dhamana na polisi badala ya habari ya njia. Na kuna jambo ambalo vijana walituambia wazi wazi, tukaona wana haki: nyumba ya wageni ni kazi. Kuna atakayepika, atakayeendesha mashua kupeleka wageni Kisite, atakayejenga. Hakuna aliyewajibu vizuri siku hiyo. Basi tulikubaliana hivi, na tungependa likae vichwani: mwenye kiwanja amefanya yake, ameomba. Lalamiko letu ni juu ya wale waliolisoma ombi lake na kulipitisha bila kumwuliza mtu hata mmoja wa Mkwiro.

Wazee hapa wanajua habari hii si ngeni. Miaka ya 1970 mistari ya hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti ilichorwa kwenye ramani, na wavuvi wakajua mahali pa kuvua pamekuwa hifadhi. Hatuko hapa kusema hifadhi ni mbaya, wengi wetu leo tunakula kwa sababu ya wageni wanaokuja kuiona. Lakini mtu aliyewahi kuchorewa mstari bila kuulizwa huutambua mstari wa pili akiuona.

Sasa habari ya safari. Kutoka hapa ni mashua hadi Shimoni, matatu hadi Kanana kwenye barabara kuu, halafu nyingine, halafu nyingine hadi kupanda Kwale mjini. Mtu akitoka na alfajiri atafika afisini watu wakijiandaa kwenda kula. Mara ya kwanza tuliambiwa faili imetoka. Imetoka imekwenda wapi? Imetoka tu. Mara ya pili mwenye faili alikuwa mkutanoni. Mara ya tatu tulikaa kwenye benchi hadi saa tisa, akaja kijana mmoja mpole, akaifungua mbele yetu na kutusomea.

Mambo mawili yalituuma. Kwenye ramani, pale inapopita njia yetu, palikuwa peupe. Hakuna njia, hakuna diko, ni pwani tu. Na chini ya ukurasa mmoja kulikuwa na maneno mafupi kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Tulitazamana. Ni kweli, halikupokelewa. Tangazo lilikuwa limebandikwa bara, na kwa Kiingereza. Basi kutojua kwetu kukaandikwa kama kukubali kwetu.

Hapo ndipo tulipoamua kutafuta sheria inasemaje, na tukasaidiwa na watu wanaoijua. Tuwaeleze kwa ufupi, kwa sababu siku zake ni chache mno na ndizo zilizotuponza.

Zamani za madiwani, wakati wa Baraza la Kaunti ya Kwale, kulikuwa na Sheria ya Mipango ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 1998. Ilisema baraza likiona ombi linaweza kugusa sana ardhi iliyopakana nalo, litoe tangazo na kuwapelekea majirani nakala. Mabaraza hayo yaliisha 2013 kaunti zilipoanza kazi. Sasa iko Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na kazi ya kutoa idhini ni ya kaunti. Anayetaka kujenga ni lazima aombe idhini kwanza, na ni lazima umma ujulishwe na kukaribishwa kutoa pingamizi. Afisi nayo inatakiwa kuzipelekea ombi hilo idara nyingine zinazohusika, kama za afya na mazingira, nazo zitoe maoni yao.

Uamuzi ukishatoka, aliyeomba, au mtu mwingine yeyote anayeguswa na jambo hilo, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi. Kumi na nne! Wengine wetu hukaa siku nyingi kuliko hizo kwenye dago. Kamati yenyewe nayo imepewa siku 14 za kuamua. Asiyeridhika hapo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na sasa sikilizeni hili, maana sisi wenyewe tulirudia kuuliza mara mbili. Mwenye kuomba akikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi, sheria inahesabu kwamba amekubaliwa. Maana yake, afisi ikilala, mjenzi hapotezi kitu. Anayepoteza ni jirani, kwa kuwa hakuna mtu aliyekaa na kulipima shauri lake. Tulikuwa tukidhani ombi likikaa kimya kabatini basi limekufa. Kumbe linaiva.

Kwa hivyo tukisikia fununu ya ujenzi, hata ikiwa ni maneno ya dukani, tusingoje kuona mawe. Siku hiyo hiyo twende tuulize, na tuulize kwa barua. Iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba nakala ya ombi, ya ramani na ya maoni ya idara, na afisi inatakiwa kujibu kabla ya siku 21 kwisha. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, kwa hivyo mtu asikuambie urudi ukatafute mwalimu wa kukutafsiria. Na asiyejua kusoma na kuandika anaweza kusema kwa mdomo, afisa ndiye aandike na kumpa nakala. Mama mmoja hapa alitwambia kwa miaka yote hakuwahi kuingia afisi ya serikali kwa sababu ya kuogopa kuambiwa "jaza fomu". Mama, sasa fomu ni yao.

Tuje kwenye barua yenyewe, hapa tukae kidogo.

Barua yetu ya kwanza tuliiandika kwa hasira, usiku, watu saba kwenye taa moja. Ilikuwa na kurasa tatu. Tulisema afisi inatudharau watu wa kisiwani, tukataja hifadhi, tukataja maji, tukataja barabara ya Shimoni ilivyokuwa mbaya miaka ile, tukamtaja na mtu fulani ambaye ndugu yake anasemekana kufanya kazi huko. Asubuhi mzee mmoja aliisoma akauliza, "Sasa hapa mnataka nini?" Hatukuweza kumjibu. Ile tuliichana.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu kabisa tuliweka namba ya ombi na namba ya kiwanja. Tukasema sisi ni nani na tunapakanaje na kiwanja hicho. Kisha tukalalamika juu ya jinsi shauri lilivyoshughulikiwa: tangazo halikubandikwa Mkwiro, hakuna afisa aliyevuka kuja kuangalia, ramani haionyeshi njia inayotumika kila siku kwenda dikoni. Hayo ni mambo ambayo mtu anaweza kuja akayathibitisha kwa macho. Halafu tukasema hofu zetu juu ya jengo, zile zinazohusu mipango ya ardhi tu. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, una nyufa. Unachomwaga kwenye shimo hakikai shimoni, kinatafuta bahari, na hapo mbele ndipo akina mama wanapookota kombe na pweza. Na ukuta ukifunga njia, mtu mwenye ngalawa atazunguka wapi?

Mwisho tukaomba vitu vinne: sababu za uamuzi kwa maandishi, nakala ya maoni ya idara, afisa aje aitembee njia pamoja nasi, na upande wa njia usijengwe hadi atakapokuja. Sababu kwa maandishi si upendeleo tunaoomba. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu ambaye uamuzi wa afisi umemdhuru au unaelekea kumdhuru.

Yule ndugu wa fulani hatukumtaja tena. Kama kuna rushwa na kuna ushahidi, iko tume ya kushughulikia hayo, na ipelekewe. Bila ushahidi unaipa afisi nafasi ya kukasirika na kuacha kujibu yale mengine ya kweli. Tulimwacha pia mwenye kiwanja na dini yake, na alikotoka, na pesa alizozipata wapi. Hayo hayaingii kwenye mipango ya ardhi. Kuna waliotulaumu kwa hilo, wakisema tumelainika. Sawa.

Tulikwenda na nakala mbili. Moja tuliiacha, ya pili tukaomba igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kijana wa mapokezi alisema si lazima. Tukamwambia kwa adabu kwamba kwetu ni lazima, tumevuka maji. Akagonga. Ndugu zetu, tumelalamika miaka mingi katika kijiji hiki, barazani kwa chifu, kwa diwani, na sasa kwa mwakilishi wa wadi yetu ya Pongwe/Kikoneni. Nendeni mkatafute ni lalamiko gani liko kwenye faili. Hiyo karatasi yenye muhuri ndiyo ya kwanza tunayoweza kuishika mkononi.

Kama afisi haijibu kabisa, iko Tume ya Haki ya Utawala, ile wanayoiita Ombudsman. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko juu ya afisi za umma zinazochelewesha watu, kuwazungusha au kuwanyima habari, na haitozi pesa. Haiwezi kuvunja ukuta wa mtu, lakini inaweza kuiuliza afisi kwa nini haikujibu.

Usisahau pia upande wa mazingira, ambao una mlango wake. Hoteli ya pwani huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na leseni hiyo ni tofauti na idhini ya kaunti. Kwa miradi inayofanyiwa uchunguzi kamili, kanuni za mwaka 2003 zinataka mabango yabandikwe karibu na mahali pa mradi, matangazo ya gazeti na ya redio, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Na anayepinga leseni ana siku 60 za kwenda kwenye jopo la taifa linalosikiliza rufaa za mazingira. Sisi tuliokosa zile siku 14 tulishukuru kusikia bado kuna mlango.

Mtu atauliza: haya yamewahi kumsaidia nani? Tusiende mbali. Hapa hapa Kwale, mwaka 2001, wakulima wa sehemu za Nguluku na Maumba walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa juu ya kampuni ya Tiomin iliyotaka kuchimba madini ya titani, na mahakama ikaizuia kwa muda kwa sababu ya sheria ya mazingira iliyokuwa mpya wakati huo, ya mwaka 1999. Tusidanganyane, machimbo yalikuja. Kampuni nyingine, Base Titanium, ilianza kuzalisha mwishoni mwa 2013 na ikafunga Desemba 2024. Lakini ombi lililokuwa likienda haraka lilisimama likaangaliwa upya, na wakulima walionekana kuwa watu wa kuulizwa.

Lamu wamefika mbali zaidi. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016 ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, upande wa Kwasasi. Watu wa Lamu walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo lile lile tulilolitaja likaifuta leseni. Sababu moja kubwa inatuhusu sana. Kampuni ilionyesha kwamba mikutano ilifanyika. Ndiyo, ilifanyika, lakini mapema, kabla uchunguzi haujakamilika, watu wakaelezwa mradi kwa juu juu. Ripoti ilipotoka na madhara yake yote ndani, hawakurudishiwa wakaisoma na kusema. Jopo likaona huko si kuwashirikisha watu. Mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaukubali uamuzi huo. Kwa hivyo mtu akija hapa na soda na daftari la mahudhurio, weka sahihi yako kwa uangalifu, na uulize: hiki tunachokizungumza kimeandikwa wapi?

Na iko mifano ya kuchelewa. Mliofika Unguja mnaijua hoteli kubwa ya Shangani, Mji Mkongwe, iliyounganishwa na jumba la zamani la Mambo Msiige. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kamati ya UNESCO yenyewe ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo. Lakini ujenzi ulikuwa umekwenda mbali, na hoteli ikafunguliwa 2015. Ikiwa UNESCO na heshima yake yote ilikuta kuta zimesimama, sisi wa Mkwiro na barua yetu moja tujipange mapema.

Tumefika wapi basi? Barua ya kwanza yenye muhuri haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu, tuliyoambatisha nakala za zile mbili, ilijibiwa kwa mistari minne. Afisa alikuja. Alivuka kwa mashua, maji yamekupwa, akatembea njia kutoka msikitini hadi dikoni, akahesabu hatua, akapiga picha. Alituuliza njia ina muda gani, na mzee wetu mmoja akamjibu kwamba baba yake alimkuta babu yake akiipita. Afisa aliandika hivyo hivyo. Tulimwonyesha pia ile mipaka ya maji, kwa sababu Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na vigingi viwili vilikuwa vimeshuka huko. Mwenye kiwanja alikuwepo. Vigingi hivyo viwili alivitoa mwenyewe siku hiyo. Alituambia hajawahi kuambiwa kwamba kuna njia, na kwa kuangalia ramani aliyouziwa, tunamwamini.

Juu ya ukuta hakuna uamuzi bado, wala juu ya shimo. Mwenye kiwanja yuko tayari kuacha ujia, ila anataka uwe upande wa pili, penye mawe makali. Wavuvi wanasema hapo ngalawa haishuki. Vijana wanataka tumkubalie ili kazi ianze. Kamati hii haina mamlaka ya kuamua hilo kwa niaba yenu, na ndiyo sababu hasa ya mkutano huu. Tutaomba wavuvi na vijana watatu watatu waende kesho maji yakitoka, waupitishe huo ujia mpya na ngalawa tupu, halafu waje watuambie kwa pamoja, si kila upande na habari yake.

Barua ya nne inakwenda Jumanne. Atakayetaka jina lake liwemo alete nakala ya kitambulisho kwa mwalimu kabla ya Jumatatu jioni. Akina mama wa pweza, tunaomba majina yenu hasa, kwa sababu katika barua tatu za kwanza tuliweka wanaume watupu, na afisa alipofika ndilo swali lake la kwanza: wanaoipita njia hii kila siku ni nani? Mashua itaondoka alfajiri, na nauli tumechanga ya watu wanne. Bado tunatafuta wa nne.